Mkuu wa Chuo Asiyejua Kuroga: Stetasi ya Wesha Iliyochekesha Watu Vibaya

Ukiwa na ndugu hata mmoja Chake Chake, basi skrinishoti ile ilikufikia. Maandishi meupe, nyuma kijani, hakuna emoji hata moja: "Alhamdulillah. Leo nimekuwa Mkuu wa Chuo." Mwenye stetasi ni kijana wa Wesha, umri 27, mwalimu wa kujitolea wa fizikia kwenye skuli moja ambayo haina haja ya kutajwa. Huu ni mwaka wake wa sita wa kujitolea. Ndiyo, sita. Wanafunzi wake wa mwanzo wengine wameshamaliza vyuo, yeye bado jina lake liko ukurasa wa mwisho wa daftari la mahudhurio, limeandikwa kwa kalamu ya risasi.

Stetasi zenyewe zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa picha: mtu kavaa joho, theluji inaanguka, nyuma yake jumba la mawe. Aliyeiona ile ya pili alijua mara moja kuwa hiyo ni gemu. Lakini stetasi iliwekwa saa tisa za usiku, na wenye bando la kuungaunga walipoamka alfajiri waliona maneno tu, picha ikawa inazunguka haifunguki. Shangazi mmoja wa Machomane akampigia simu mama mtu. Mama mtu akapigia wengine wanne. Ilipofika saa nne asubuhi baraza limejaa, kuku kashachinjwa, na mwenye cheo mwenyewe kalala chumbani, maana alikesha na gemu mpaka karibu na adhana.

Aliamshwa na vigelegele.

Aliyetoboa siri alikuwa mtoto wa miaka kumi, mtoto wa jirani, aliyeshika simu ya mama yake na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hii si gemu hii?" Watu wakamtazama mtoto, wakatazama simu, wakatazama mlango wa chumba. Yaliyofuata unayajua, maana ndiyo yaliyosambaa: vikatuni, sauti za kuiga, jamaa mmoja wa Unguja akatengeneza kadi ya mwaliko wa "hafla ya kumuapisha Mkuu". Mpaka watu wa Dar wakadaka.

Sasa mitandao imecheka wiki nzima na imecheka upande usio wake. Kwa sababu ndani ya mkasa huu kuna swali la maana, na aliyeliuliza ni mmoja tu: binamu yake wa kike, mwanafunzi wa uuguzi, aliyeandika chini ya posti yake ya Facebook, "Kaka, wewe Mkuu wa Chuo cha uchawi na hujui kuroga hata sisimizi. Mimi kwenye gemu yangu nina wiki tatu naombea ngazi ya nne."

Watu wakaipita komenti hiyo wakidhani ni utani tu. (Neno uchawi likitajwa karibu na neno Pemba watu wa bara wanaanza kuchekacheka, na Wapemba wameshachoka na utani huo zamani sana.) Lakini dada alikuwa anazungumza kitu cha kweli kabisa, na kila anayecheza gemu za namna hii anakijua hata kama hajawahi kukisema.

Gemu ya kaka ni Skyrim, iliyotoka Novemba 2011, kazi ya kampuni ya Bethesda. Ndani yake kuna makundi: la wapiganaji, la wezi, la wauaji wa siri, na Chuo cha Winterhold kinachofundisha uchawi. Ukifika kwenye daraja la Chuo, mama mmoja anakuzuia na kukwambia uoneshe uchawi wako kwanza. Vizuri, unafikiri, hapa kuna usaili. Ila kama huo uchawi hujui, mama yule yule anakuuzia kwa vipande 30 vya dhahabu, unautupa hapo hapo mbele yake, umeingia. Somo darasani ni moja. Moja tu. Baada ya hapo unatumwa mapangoni, unapigana, unatafuta fimbo ya kale, anakufa huyu, anakufa yule, na mwisho wa yote unavishwa joho la mkuu. Kazi karibu yote unaweza kuimaliza kwa shoka. Na kaka wa Wesha ndivyo alivyoimaliza, kwa shoka, hakatai.

Halafu usisahau kwamba mtu huyo huyo anaweza siku hiyo hiyo akawa bosi wa wezi, kiongozi wa wapiganaji na mkubwa wa wauaji, na hakuna anayeshangaa. Askari wa getini bado anamkejeli kwamba eti anajua vijiuchawi viwili vitatu. Kwenye kundi la wezi ndiyo vichekesho: wewe ndiye mkuu wao, lakini wale walio chini yako wanaendelea kukutuma ukaibe vijiko. Bosi anatumwa na vijana wake. Hapo mtu wa ofisini atasema mbona hiyo anaijua.

Gemu ya dada ni ya mfululizo huo huo, ila ya kabla. Inaitwa Morrowind, ya mwaka 2002. Anaicheza kwenye laptopu ya mtumba yenye ufa kwenye kioo, kwa kutumia programu huria ya OpenMW ambayo watu wameiandika ili gemu hiyo ya kale iendelee kuishi kwenye mashine za kawaida. Picha zake mbaya, watu wana nyuso kama zimechongwa kwa panga. Ila mfumo wake wa vyeo, hapo ndipo wakongwe wanapoisifu mpaka leo. Chama cha wachawi kina ngazi kumi. Kila ngazi ina masharti: ujuzi wako mmoja wa kichawi uwe umefika mahali fulani, mwengine miwili isiwe nyuma sana, akili yako na uthabiti wa nia navyo vinapimwa, tena uwe umefanya kazi za chama. Ukimwendea mkubwa wako kuuliza habari za kupandishwa na hujatimiza, anakwambia hujawa tayari, na kukutajia ulipopungua. Hakuna kulia, hakuna kuhonga. Unarudi kufanya mazoezi.

Na ukichagua ukoo mmoja kati ya koo tatu kubwa unazoweza kujiunga nazo, mbili zilizobaki zimekufungia mlango. Gemu nyengine ya wakati huo, Gothic ya Wajerumani ya mwaka 2001, nayo ilikuwa hivyo: kambi tatu, chagua moja, na vazi lako linamwambia kila mtu umefika wapi. Huwezi kuwa kila kitu.

Kwa hiyo hukumu ni rahisi? Morrowind nzuri, Skyrim pipi, dada kashinda, tufunge mjadala? Hapana, na hapa ndipo wengi wa upande wa dada wanapokosea.

Kwanza hata hiyo Morrowind yenyewe inajua kuwa ngazi hazisemi ukweli siku zote. Mkuu wa chama cha wachawi ndani ya gemu ni bwana mmoja asiyejua lolote, anayemkabidhi mgeni wa juzi kazi ya kwenda kuchunguza taifa zima la kale lilipotelea wapi. Hivi hivi, kama anamtuma dukani. Kila mtu pale anajua hafai, kila mtu anamwita mheshimiwa. Waliotengeneza gemu hiyo bila shaka walishawahi kufanya kazi chini ya mtu.

Pili, masharti yakizidi yanageuka ugonjwa. Mwaka 2005 gemu ya World of Warcraft ilileta vyeo 14 vya kivita. Kila wiki ulipimwa ukilinganishwa na wenzako, na ukipumzika unashuka. Matokeo yake watu waliotaka cheo cha juu kabisa wakawa wanaachiana akaunti kwa zamu, mmoja analala mwengine anapigana, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Mwishoni mwa 2006 mfumo ule ukafutwa. Hakuna aliyeulilia isipokuwa wale waliokwisha kupata.

Na kati ya hizo mbili ipo Oblivion ya mwaka 2006, ambayo mtu wa Zanzibar akiicheza atahisi yuko nyumbani. Ukitaka kuingia chuo kikuu cha wachawi lazima uzunguke miji saba, kila mji umfanyie mkuu wa tawi kazi yake, akuandikie barua ya mapendekezo. Saba! Ni kama kila jambo lako linahitaji barua ya sheha, halafu masheha wenyewe ni saba na kila mmoja ana shida yake ya nyumbani unayotakiwa kuimaliza kwanza.

Turudi kwa kaka. Alipoona vicheko vimezidi alifuta stetasi zote, akafuta na posti, lakini kabla ya kufuta alimjibu binamu yake. Jibu lake halikusambaa, kwa sababu halichekeshi. Aliandika: "Mdogo wangu, masharti nimeshatimiza. Shahada ninayo, mafunzo ya ualimu ninayo, miaka sita ninayo. Kila nikienda kuuliza naambiwa subiri. Hakuna anayenitajia nilipopungua. Mimi gemu ya kunipima siitaki, nimepimwa vya kutosha. Nataka sehemu moja tu duniani ambako nikimaliza kazi napewa cheo."

Soma tena hiyo. Hapo hoja ya dada haianguki, ila inayumba. Mfumo mkali wa Morrowind una utamu wake kwa mtu ambaye maisha bado hayajamfungia: mwanafunzi anayejua kwamba akifaulu mwaka huu atasonga mwaka ujao. Ngazi ngumu ni burudani kwa anayeamini ngazi. Kwa aliyesimama kwenye ngazi moja miaka sita, gemu yenye ngazi ngumu ni kazini tena, mara hii bila hata ile posho ya nauli.

Na si yeye wa kwanza pwani hii kujivisha cheo ambacho wakubwa hawakumpa. Ngoma ya beni ilianza Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia askari na wapagazi wakaipeleka bara. Watu walijigawa makundi mawili yenye upinzani mkali, Marini na Arinoti, kila moja na sare zake, gwaride lake na vyeo vyake. Walikuwepo makingi, majenerali, makanali, madaktari. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mchana mtu ni karani au kuli, au mpishi wa Mzungu, jioni ni jenerali anayepigiwa saluti na kundi zima. Maofisa wa kikoloni wengine walicheka, wakaona ni watu wanaowaiga, wengine wakaingiwa na hofu kwamba hicho ni chama cha siri. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Unguja bado utaisikia harusini, tarumbeta mbele, akinamama nyuma, ingawa wengi wanaoicheza leo hawajui kwamba zamani ilikuwa na majenerali.

Yule jenerali wa Marini alijua vita? Hapana. Ujuzi wa kijeshi alikuwa nao sawa na ujuzi wa uchawi wa kaka wa Wesha. Dada angemcheka vile vile. Lakini cheo chake kilikuwa na uzito, kwa sababu kilimgharimu. Karamu ya kuwashinda wapinzani, wakubwa ndio wa kutoa. Mwenzao akifiwa, watu wanamtazama mwenye cheo. Mgeni wa kundi lenu akishuka kutoka mji mwengine, lazima apate pa kulala. Saluti alipigiwa, na usiku huo huo mlango wake uligongwa.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo mjadala wote wa Facebook uliikosa. Dada anauliza: ulifanya nini kukipata hicho cheo? Swali zuri. Ila lipo jengine linalouma zaidi: umekipata, sasa nani anakugongea mlango? Morrowind ina jibu la swali la kwanza na haina la pili. Ukishafika juu kabisa nako hakuna kitu, watu wanakuita kwa heshima na gemu imekwisha. Skyrim haina jibu la lolote kati ya hayo mawili. Gemu zote hizi zinajua kupandisha tu. Kuongoza hazijui.

Pale gati ya Wesha, ambako boti za kwenda Misali zinaondokea, mambo haya hayahitaji maelezo. Tajiri wa chombo anaweza kuwa mtu asiyejua kuogelea, na watu wanamheshimu kwa pesa yake, lakini hakuna atakayemwita nahodha. Nahodha alianza kwa kufua maji, akapigwa makelele miaka, akajifunza mkondo na upepo, na cheo hakikutangazwa siku yoyote. Ilifika siku wenzake wakaanza kumtazama yeye upepo ukibadilika. Bahari ikichafuka hakuna wa kumtupia mzigo. Gemu yenye mfumo kama huo haijatengenezwa, na pengine isingeuzika.

Wanaosema kijana apotezewe muda wake, aache gemu atafute kazi, nao wapunguze. Kazi anayo. Kila siku saa moja na nusu asubuhi yupo darasani na watoto sitini wa kidato cha pili, anawaeleza mwanga unavyopinda ndani ya glasi ya maji kwa kutumia glasi ya kwao na kalamu ya kwake. Kinachokosekana si kazi. Gemu imempa cheo bila kazi, skuli imempa kazi bila cheo, na mitandao ikamcheka kwa ile ya kwanza bila kuuliza ya pili. Wale wale waliosambaza kadi ya kumuapisha, wapo ambao watoto wao anawafundisha yeye.

Shangazi wa Machomane aliuliza kwenye grupu la familia, kwa uchungu wa mtu aliyelipa nauli bure: "Mshahara wa hicho cheo ni shilingi ngapi?" Likapita kimya la kutosha, kisha mtu akaweka emoji ya jeneza. Swali baya lile, ila la haki. Miaka sita familia imekuwa inasubiri sentensi moja tu, na ilipofika ikawa si yake.

Mama mtu ndiye aliyewashinda wote. Kuku alishachinjwa, basi akampika, na watu waliokuja kupongeza wakala, hakuna aliyeambiwa arudi kwao. Jioni, wageni walipokwisha, akavuta kiti akakaa karibu na mwanawe.

"Mwanangu, hebu n'oneshe hicho chuo chako."

Kijana akasitasita, akafungua mashine. Akamtembeza: huu ndio ua, hapa ndipo wanapolala, hapa juu ndipo chumba cha Mkuu, chumba changu. Mama akatazama theluji, akasema baridi hiyo watu wanaoga vipi. Akatazama vijana wenye majoho wanaopita pita.

"Na hawa ndio wanafunzi wako?"

"Ndio, mama."

"Unawafundisha nini?"

Kijana akashika kidhibiti, akamsogelea mwanafunzi mmoja, akabonyeza azungumze naye. Mwanafunzi akasema sentensi yake ile ile ya siku zote. Akajaribu mwengine. Akazunguka ukumbi mzima hivyo, mama anangoja, na hakuna mahali popote kwenye chuo kile ambapo Mkuu anaweza kusimama mbele ya darasa akafundisha.

"Haiwezekani humu," akasema mwishowe.

"Aa," akasema mama, akainuka kwenda kufunika chungu. "Basi kalale mapema, kesho kutwa Jumatatu."